Mvumo wa Amplifaya ya Bakhit

Mpumudde, Jinja
9 Machi 1980

Mdogo wangu Dauda,

Asalaam alaikum, wewe na Hasifa na wote mnaolala chini ya bati moja. Sisi huku tupo, tunapumua, na kwa mwaka huu kupumua si jambo dogo. Shifa ameota upya jino la mbele lililong'oka na sasa anasema kuliko redio. Sukari tunaisikia kwa jina tu. Goti langu linauma kila mvua ikikaribia, kwa hiyo nimekuwa mtabiri wa mtaa, ingawa hakuna anayekuja kuniuliza. Wewe sijakusikia tangu Idi iliyopita. Kama umenisahau sema, nitafute mdogo mwingine sokoni.

Barua hii anakuletea Yakub, dereva wa samaki, pamoja na sanduku. Usimlaumu kwa uzito wake wala kwa harufu. Ndani yake mna amplifaya ya shemeji yako Bakhit, ya zamani, ile ya valvu za kioo. Mwaka jana, ule mwezi wa Aprili serikali ilipoanguka na wanajeshi wake walipokuwa wanakimbia, aliileta nyumbani kwa mkokoteni, akaiweka sebuleni, akaifunika kwa shuka na kuniambia niitunze. Asubuhi yake akaondoka na wenzake kuelekea kaskazini. Alisema imetoka kantini ya askari. Wewe unamjua, kazi yake jeshini ilikuwa ufundi wa sauti, hakuwa mtu wa bunduki. Tangu siku hiyo sijapata neno lake hata moja.

Sasa mimi ni mjane ambaye hajazika mtu. Watu wa hapa wananisalimu salamu za kutupa, na dukani nauziwa wa mwisho hata nikifika wa kwanza. Siwalaumu sana. Waliumizwa na watu wanaozungumza kama sisi, na sisi wajukuu wa askari wa Kisudani ndio tuliobaki karibu wa kutazamwa. Lakini babu yetu ndiye aliyetoka Sudan, mimi nimezaliwa hapa. Nikienda huko nitamfuata nani?

Ni mtu mmoja tu anayeniuliza habari za mume wangu, mwanamke mmoja wa Budondo anaitwa Namukose. Kila wiki anakuja na viazi vyake vya kuuza mpaka getini kwangu, haingii ndani hata nikimkaribisha, na kila mara ananiuliza, "Mama Shifa, mzee bado kurudi?" Namwambia bado. Anajitwika viazi vyake anaenda. Sijui kama anajua jinsi swali lile linavyonishikilia.

Basi nisikilize. Msikiti wetu hapa uliporwa vipaza sauti vyote. Nimezungumza na Sheikh Zubairi. Nikiutolea msikiti mashine hii, azana ya Ramadhani itatoka katika mkono wa nyumba ya Bakhit, na siku atakaporudi atakuta njia imefagiliwa. Atarudi, Dauda. Nataka akirudi aweze kutembea mtaa huu mchana. Ifufue kabla ya Ramadhani.

Dada yako,
Ramula


Nkoma, Mbale
2 Aprili 1980

Dada yangu Ramula,

Waalaikum salaam. Nimezipokea salamu, sanduku, na harufu ya samaki ambayo Hasifa bado anaifukuza kwa ubani. Yeye hajambo, anakusalimu, anasema goti lako lipakwe mafuta ya nyonyo. Mlima Wanale umejifunika ukungu wiki nzima. Mimi kazi ipo: watu wanachimbua redio walizozifukia wakati wa vita, zinakuja na udongo ndani, moja ilikuja na chura. Umeme ndio unatutesa, na umeme wenyewe unatoka huko kwenu Jinja. Waambie wenzako wa bwawani waache kuufunga kila nikishika kazi.

Sasa mashine yako. Kitu kizuri hiki, dada, transfoma yake nzito kama jiwe la kusagia. Mashine iliyolala muda mrefu haiamshwi ghafla, ukiipa umeme wote mara moja kondensa, vile vikopo vinavyotunza umeme ndani, zinapasuka. Nimeipitisha kwanza kwenye balbu ya kawaida ili inywe kidogo kidogo, siku kadhaa. Valvu moja ilikuwa imekufa, nimeazima nyingine kwenye redio ya marehemu mzee Taban. Siku ya tatu zikawaka zote, rangi ya chungwa, nikafurahi kama mtoto.

Ila ina mvumo. Kila mashine ya aina hii ina mvumo wake ikipata moto, hilo ni la kawaida. Huu wa kwako unavuma, halafu unakatika kidogo, kama mtu anayemeza mate, halafu unaendelea. Dawa yake ni kondensa mpya kubwa, na hizo mpaka zitoke Kenya kwa magendo. Nitajaribu.

Lipo jambo jingine. Ndani ya kitufe cha sauti mna njia ya kaboni, duara, na kidole kidogo cha chuma kinapita juu yake. Mtu anayependa muziki anaikwangua njia ile katikati, anapopapenda, anapandisha kidogo, anashusha kidogo. Hii ya kwako katikati ni mpya kabisa. Imelika mwishoni tu, pale sauti inapokuwa juu kuliko zote, imelika mpaka pana shimo. Nikigusa kitufe kinateleza chenyewe mpaka mwisho, kama punda anayejua njia ya nyumbani. Na tundu la kuchomekea maikrofoni halina hata mkwaruzo. Kantini gani hiyo ambayo hakuna mtu aliyewahi kusema kwa mashine yake?

Shemeji alikuwa anapiga nyimbo gani kwa mashine hii, na wapi? Nauliza kwa ajili ya ufundi tu.

Mdogo wako,
Dauda


Mpumudde, Jinja
20 Aprili 1980

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Shifa amepata surua, imepita. Mafuta ya nyonyo nimepaka, sasa goti linanuka na bado linauma, mwambie Hasifa ahsante.

Nyimbo ni nyimbo, Dauda. Mimi sikuolewa na kitufe. Wewe tengeneza, kilicholika badilisha, kinachovuma nyamazisha kama unaweza, na kama huwezi acha kivume.

Sheikh Zubairi amekubali, amewaambia wazee baada ya Ijumaa, na mwenye duka, Bwana Isabirye, ambaye hata si Mwislamu, jana kaniuzia sabuni kwa zamu yangu. Unaona? Kazi imeshaanza kabla mashine haijaimba.

Na jambo la ajabu kidogo. Tangu sanduku liondoke, Namukose anaingia. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akatazama pembe ile ya sebule mashine ilipokuwa, sakafu pale imebaki nyeupe. Aliitazama sana. Nikamwambia imekwenda Mbale kutengenezwa. Akauliza, "Itarudi?" Nikamwambia itarudi. Akakaa, akanywa chai ya rangi, akamwuliza Shifa jina la baba yake kana kwamba halijui. Nilifurahi kupata mgeni, sikutaka kuwaza zaidi.

Ramula


Nkoma, Mbale
25 Mei 1980

Dada yangu,

Nimekawia, nisamehe. Hasifa alikuwa na homa, na mimi nilikuwa na uvivu wa kushika kalamu. Pole kwa surua ya mtoto. Huku mahindi yamebeba vizuri.

Nataka nikushauri. Ninayo amplifaya nyingine hapa, ndogo, ya transista, haina mvumo wowote. Nitaupa msikiti wenu bure, na watu wataambiwa imetoka kwako. Hiyo nyingine tuiache. Valvu zake hazipatikani, imechoka, itakuaibisha siku ya kwanza tu.

Nikuambie pia kisa kilichotokea, unaweza kukicheka. Kuna jirani yetu hapa, Mwalimu Wamboga, mtu mpole, amehamia Nkoma mwaka jana. Kila alasiri anakuja kibandani kwangu, anavua viatu, anakaa kwenye benchi na gazeti kuukuu, tunabishana habari za uchaguzi. Juzi nikawasha mashine yako nikiwa nimempa mgongo. Ikapata moto, mvumo ukaanza, ukakatika, ukaendelea. Nikasikia gazeti limeanguka. Nageuka, yuko barabarani na soksi zake, anatembea katikati ya njia, waendesha baiskeli wanamkwepa. Nikamfuata na viatu. Hakunitazama. Alichosema ni kimoja: "Zima kabla haijaanza."

Nikamwambia mbona imeshaanza, mwalimu, umeisikia. Akatikisa kichwa.

Sasa anakuja kila siku lakini anasimama ng'ambo ya barabara, anaitazama meza yangu. Hasogei. Nimeifunika mashine kwa gunia na bado anatazama. Wateja wanauliza yule ana nini, nawaambia anasubiri redio yake. Dada, Mwalimu Wamboga alifundisha Jinja miaka ile. Zaidi ya hapo sijamwuliza, na sina hamu ya kumwuliza.

Chukua hii ya transista.

Dauda


Mpumudde, Jinja
17 Juni 1980

Dauda,

Salamu kwa Hasifa, namwombea afya. Wewe nakusalimu kwa sababu mama yetu alitufundisha adabu.

Unaniambia mashine imechoka, na Yakub aliyepita kwako ananiambia ameisikia ikivuma kama mzinga wa nyuki, nzima kabisa. Nani kati yenu ananidanganya mimi? Kama unaitaka, sema unaitaka. Mwalimu mmoja mwenye kichwa kibovu hanizuii kumsafishia mume wangu jina. Vita vimewaacha watu wengi wakiogopa hata vifuniko vya sufuria.

Sitaki ya transista. Ile ya transista ni yako, hii ni ya Bakhit, na watu lazima wajue ni ya Bakhit. Hilo ndilo linaloniweka hai, hujalielewa tu. Mwezi mzima sasa watu wananisalimu wakisimama. Mke wa imamu amekaa kwangu akala. Mkeka wangu msikitini haukai peke yake tena. Nikiwaambia leo kwamba mashine haiji, nitarudi pale nilipokuwa, na yeye akija atakuta milango imefungwa na mawe yamekusanywa.

Yakub atapita kuichukua wiki ya kwanza ya Julai. Uwe umeridhika au hujaridhika.

Dada yako mkubwa, usisahau neno hilo,
Ramula


Nkoma, Mbale
6 Julai 1980

Dada Ramula,

Naandika haraka, sina salamu ndefu, Mungu anisamehe. Nilikuwa Tororo kutafuta kondensa. Nimerudi nimekuta Yakub ameshaichukua mashine, Hasifa kampa maana hakujua. Barua hii nampa dereva wa basi, na namwomba Mungu ikufikie kabla haijawashwa.

Usiiwashe. Nilijaribu kukuambia kwa kuzunguka, na kuzunguka kumetukawiza. Sasa nakuambia wazi.

Hatimaye Mwalimu Wamboga alivuka barabara. Alikaa, akavua viatu vyake kama zamani, akaniambia niondoe gunia. Nikaliondoa. Akasema sura ya mashine ile hajawahi kuiona, ila sauti yake anaijua kuliko sauti ya mama yake. Walimchukua shuleni Jinja wakamweka kwenye lile ghala la njano karibu na reli. Waliwekwa wengi, gizani, na chumba cha pili ndicho kilichokuwa na mashine. Mashine ya valvu haiimbi baridi, lazima ipate moto kwanza, kwa hiyo ilikuwa inawashwa na kuachwa ivume, na mule ndani kila mtu anausikia ule mvumo unaomeza mate, na kila mtu anajiuliza ni nani atakayeitwa. Halafu wimbo, uleule kila siku, sauti mpaka mwisho, ili wapita njia wasisikie kitu kingine. Ndiyo maana katikati pa kitufe ni papya, dada. Ndiyo maana hakuna aliyechomeka maikrofoni.

Nilimwuliza nani alikuwa anaiendesha. Alisema hawakumwona. Walimsikia tu anapiga mluzi akiipasha moto.

Shemeji alikuwa na tabia ya kupiga mluzi kazini. Simshitaki, naandika tu ninachokijua. Iweke chini, ifunike, nisubiri nije.

Dauda


Mpumudde, Jinja
30 Julai 1980

Mdogo wangu Dauda,

Asalaam alaikum na Ramadhani njema kwako na kwa Hasifa. Shifa anafunga nusu siku na kujisifu siku nzima. Barua yako ya haraka ilifika, lakini dereva wa basi alizuiliwa na askari wa barabarani, akaitunza soksini wiki nzima. Mambo yalikuwa yameshatokea.

Tuliiwasha siku ya kwanza ya mfungo, magharibi. Sheikh Zubairi alitaka azana ya kufuturu iwe ya kwanza. Spika ya kuazima imefungwa juu ya paa, uwanja wa mbele umejaa, watu wameshika tende na vikombe vya uji. Ng'ambo ya njia wauza ndizi na viazi walikuwa wanafunga biashara, na Bwana Isabirye alikuwa ameketi mbele ya duka lake. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa wanawake, nimevaa gomesi yangu ya Idi. Sikufichi, nilikuwa na fahari. Ile dakika ya kungoja jua lizame watu wote wananyamaza. Ndipo ikapata moto.

Ulivuma juu ya mtaa mzima, Dauda. Ukakatika, ukameza mate, ukaendelea.

Kwanza alisimama mzee mmoja safu ya pili, akaweka kikombe chake chini taratibu. Halafu kijana anayeshona viatu. Halafu mwanamke mmoja karibu yangu, mke wa mtu, naye sikuwahi kusikia kwamba alichukuliwa. Ng'ambo ya njia Bwana Isabirye alikuwa ameshasimama, mikono yake pembeni, kama mtu aliyeitwa jina. Wakazidi kusimama, mmoja hapa, mmoja pale, hakuna aliyekimbia. Wakaanza kutazamana. Watu hawa wameishi mtaa mmoja, wameuziana chumvi mwaka mzima, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake naye alikuwa mule. Mvumo uliwainua wote, wakajuana.

Na mimi nikaukumbuka. Nilikuwa nikimpelekea Bakhit chakula kwenye geti la lile ghala la njano, siku za zamu ndefu. Nilikuwa nikiusikia, halafu muziki, na nilikuwa nikisema moyoni, wanaume hawa, kazi yao ni starehe. Sikujua. Sikujua, wallahi, lakini mikono yangu jioni ile ilikumbuka uzito wa sufuria.

Muadhini alikuwa ameshashika maikrofoni. Sheikh akamtolea ishara, akazima. Azana ilisomwa kwa mdomo mtupu.

Namukose alivuka njia akaja mpaka kwenye mkeka wangu. Tulikuwa wawili tu kwa sababu wengine walikuwa wamesogea. Aliniambia maneno haya, nimeyashika yote: "Mimi nilikuwa ndani mule na kijana yangu. Yeye chumba ile, mimi chumba hii. Nyimbo ikiwa inapiga, najua mtoto bado mzima. Nilikuwa naomba Mungu nyimbo isiishe."

Nikamwuliza kwa nini basi amekuwa akiniletea viazi mwaka mzima. Akasema siku ile askari walipokimbia alitoka ghalani, akamwona Bakhit anaitoa mashine chumba cha pili na kuisukuma kwa mkokoteni, akamfuata mpaka getini kwangu. Tangu hapo alikuwa anasubiri arudi. Kutoka Budondo, kila wiki, kwa miguu. Na mimi nilikuwa namwona rafiki.

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Tulikula tende zangu pamoja.

Ramula


Nkoma, Mbale
14 Septemba 1980

Dada yangu mpenzi,

Hasifa anakulilia. Nimesoma barua yako mara nyingi, na Mwalimu Wamboga ameniomba nimsomee, nimemsomea. Alisema tu, "Kumbe tulikuwa wengi."

Njoo ukae nasi. Chumba kipo. Kama hutaki, ruhusu nije niivunje mashine ile, valvu nizisage, transfoma niitupe mtoni. Najua nilisema ni kitu kizuri. Sitaki mikono yangu iwe ndiyo iliyoifufua.

Mdogo wako,
Dauda


Mpumudde, Jinja
18 Januari 1981

Mdogo wangu Dauda,

Asalaam alaikum. Muda mrefu umepita na najua ulidhani nimenuna. Tu wazima. Shifa anasoma herufi, ameandika jina lake kwa mkaa ukutani na nimeshindwa kulifuta. Uchaguzi umepita, risasi za usiku hazijapita. Hasifa nimesikia ana mimba. Mungu amtunze, na mwambie akae mbali na harufu ya solda yako ya kuungia waya.

Siji Mbale. Nilidhani watanifukuza, na wapo waliotaka, lakini sijafukuzwa. Na mashine haivunjwi. Namukose amekataa. Anasema ikivunjwa Bakhit atasema haikuwepo. Iko chumba cha nyuma cha msikiti, imefunikwa, na wale waliosimama siku ile wana ufunguo wao. Wanakutana mara moja moja, hawaiwashi, wanakaa tu wanazungumza. Mimi sijaalikwa na sitaki kualikwa.

Sasa sikia lililonifanya nikae kimya. Mwezi wa Oktoba alikuja mfanyabiashara mmoja wa Arua, anaitwa Abdu, akanitafuta kwa jina. Bakhit yu hai. Yuko Juba, anatengeneza redio, amenenepa. Alimtuma aulize kama anaweza kurudi, na watu wanamsemaje.

Dauda, nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Miezi kumi na minane nimemwomba Mungu neno hilo. Nilimpikia Abdu kuku wa mwisho. Halafu usiku huo sikulala, na asubuhi nikafanya jambo ambalo hata sasa sijui nilipata wapi nguvu. Nilimwambia Namukose.

Alikaa, viazi vyake mapajani. Nilingoja aseme watamwua. Akasema, "Mwambie aje. Hatumgusi. Kama hataki kuja, atwambie tu wale waliobaki walizikwa wapi. Mimi nataka mfupa yangu."

Nikamweleza Abdu maneno hayo kama yalivyo, nikamfanya ayarudie mpaka yakakaa. Nikaongeza na yangu: kwamba mimi ni mke wake, kwamba akiyajibu nitamngoja hata miaka kumi, nitakaa naye aaibike mbele yangu na nitamshika mkono. Niliyasema kwa moyo wangu wote. Nilimpenda Bakhit, na usidhani nimeacha.

Juzi Abdu amerudi. Ameleta kitenge kizuri cha kijani, sabuni, na peremende za Shifa. Ameleta salamu kwangu, kwako, kwa Hasifa, kwa Sheikh, hata kwa jogoo. Nikamwuliza, na lile swali? Akaanza kukikunja kitenge upya. Nikamwuliza tena kama alilifikisha. Akasema alilifikisha, mara mbili, na Bakhit alikuwa anaifunga redio ya mtu, hakuinua kichwa. Alipiga mluzi kidogo. Halafu akauliza kama mashine yake bado inaimba vizuri, na kama kuna mtu amegusa kitufe.

Basi.

Nilikwenda kwa Sheikh Zubairi nikamwambia naingia eda. Akaniambia eda ya kifo haikaliwi kwa mume aliye hai, niombe talaka kwa kadhi, njia ipo. Nimemwambia nitaomba, karatasi zitakwenda zinakokwenda. Lakini mimi nimevua bangili, nimefunga mlango wa mbele, na nimekaa ndani. Shifa nimemwambia baba yake amekufa vitani. Wewe pia ukiulizwa na watu wa Mbale, sema shemeji yako amefariki, na uwaombe wamsomee.

Nilidhani nitakaa peke yangu, maana hakuna maiti, na mtaa mzima unajua. Lakini leo asubuhi mlango umegongwa. Amekuja Namukose, amejifunga leso kiunoni, ameweka viazi jikoni, ametandika mkeka na kukaa chini kando yangu kama wanavyokaa watu wa msiba. Amenishika mkono na kunipa pole ya mume wangu.

Dada yako,
Ramula